Alama ya Meno kwenye Mkate

Kuku walipoanza kudonoana manyoya mpaka kutoka damu, Zebiniso alikwenda soko la mji wa Rishton, Jumapili moja ya mwezi wa pili, akarudi na chupa ya kioo iliyojaa funza. Hakuwaficha. Aliitua chupa juu ya meza ya uani, kando ya birika la chai, na Hosiyat, mama mkwe wake, akaitazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyeingia ndani na viatu.

"Nini hicho?"

"Funza wa unga, Mama. Chakula cha kuku. Wenyewe wanakula pumba za ngano na vipande vya karoti, basi. Yule mama muuza vifaranga anasema kuku wakiwapata hawa wanaacha kulana."

"Miaka thelathini na nane nimelea viwavi wa hariri kwenye nyumba hii," Hosiyat akasema. "Viwavi, binti. Unawapa majani ya mforosadi, wanakupa hariri. Leo nimefikia kulea funza?"

"Hawa nao wanakupa mayai."

"Wanayatolea wapi?"

"Kwa kuku, Mama."

Hosiyat alitaka kucheka, akajikaza. Hakuwa mtu wa kumpa mkwe wake ushindi mapema hivyo, tena kabla ya chai ya pili.

Funza wakapewa chumba kikubwa, kilekile cha viwavi, kwa kuwa ndicho chenye joto. Ukuta wake mmoja umeshikana na jiko. Kilikuwa kitupu kwa miaka mitatu, tangu miforosadi ya kando ya barabara ilipokatwa na hariri ikawafia mikononi. Chanja za mbao walizokuwa wakilala viwavi bado zilikuwapo, ngazi kwa ngazi mpaka karibu na dari. Zebiniso alizipanga beseni za plastiki juu yake, akamwaga pumba, akawaweka wadudu wake. Na kwenye ukuta unaotazamana na mlango, juu kabisa, palitundikwa mfuko mweupe wa kitambaa, na ndani ya mfuko mlikuwa na mkate.

Mkate huo ulikuwa wa Elmurod, mwana pekee wa Hosiyat na mume wa Zebiniso. Miaka saba nyuma, alfajiri ya kuondoka kwenda Urusi kujenga maghorofa ya watu, alisimama kizingitini, akaletewa mkate uliotoka tanurini, akauma mara moja tu, akaurudisha mikononi mwa mama yake. Ndivyo wanavyofanya wote waendao mbali. Kilichobaki hutundikwa ukutani na hakuna wa kukigusa, maana kina mwenyewe. Atarudi, atakaa chini, ataumalizia. Elmurod aliuma kwa haraka, dereva akipiga honi nje, na meno yake yakaacha alama kwenye ukingo wa mkate, nusu duara yenye kijinundu katikati. Kijinundu hicho ndicho pengo lake. Alivunjika jino la mbele akiwa na miaka kumi na mmoja, alipoanguka mforosadini akikata majani ya viwavi, na tangu hapo kila alichouma alikiachia kijinundu: tikiti, tofaa, hata mshumaa siku moja walipombishia kwamba hathubutu.

Miaka mitatu alipiga simu kila Ijumaa. Halafu Ijumaa moja simu haikulia. Hosiyat alimpigia, akasikia sauti ya mwanamke wa Kirusi akisema maneno yaleyale kila mara, mpaka akayajua kwa moyo bila kujua maana yake. Waliulizia kwa wenzake wa kijijini. Mmoja alisema alihama mji, mwingine alisema aliumwa, wa tatu hakusema kitu, aliinamisha kichwa tu, na huyo Hosiyat hakumsamehe. Tangu hapo ilikuwa miaka minne.

Zebiniso alikuwa amekaa na mume wake miezi mitano. Na mama mkwe, miaka saba. Ukitaka kusema kweli, aliolewa na Hosiyat. Sasa alikuwa na miaka ishirini na minane, na jirani yao Risolat, ambaye mdomo wake haukuwahi kuwekewa mlango, alikuwa na mtu wa kumpa: fundi wa kuchora sahani kule Kokand, aliyefiwa na mke, mpole, asiyekunywa. Imamu wa mtaa alishasema kwamba miaka minne ya mtu kutosikika inatosha, ila akaongeza kwamba ni vyema mama mtu aridhie. Basi jambo zima likakwama hapo, kwenye ridhaa ya Hosiyat.

"Dada Hosiyat," Risolat alimwambia siku moja ya baridi, wakiwa wameingiza miguu chini ya mfarishi penye makaa. "Mtoto wa watu huyu. Muachie."

"Mimi nimemfunga kamba?"

"Umemfunga, tena kwa ulimi. Hawezi kutoka hapa mpaka useme."

"Niseme nini? Niseme mwanangu amekufa? Wewe ulimzika?" Hosiyat alinyoosha kidole kuelekea chumba kikubwa. "Mkate wake ule pale. Miaka saba! Hauna ukungu, hauna mdudu. Mkate wa maiti haukai hivyo, na wewe unajua. Siku utakapousikia umeingia mdudu, njoo na fundi wako, na pilau nitaipika mimi mwenyewe."

Zebiniso alikuwa mlangoni na sinia la chai. Alisikia yote, akaingia, akamimina, akatoka. Hosiyat aliona chai iliyomwagika kwenye sinia na akajifanya hakuona.

Hakuwa mtu mbaya, Hosiyat. Aliogopa tu. Akimruhusu mkwe aondoke, atakuwa amekiri kwa kinywa chake kwamba hakuna anayerudi, na nyumba itabaki na yeye na kuku. Kila Alhamisi, jua likishuka, mtaa mzima ulinuka mafuta, kila nyumba ikikaanga chapati nyembamba, maana harufu hiyo ndiyo sadaka inayowafikia waliotangulia. Zebiniso alisukuma, Hosiyat akakaanga, na huku mafuta yakichemka aliwataja watu wake mmoja mmoja: baba yake, mama yake, kaka yake aliyekufa mtoto, mume wake Yokub. Baada ya Yokub alinyamaza. Na kila Alhamisi, katika ukimya ule mfupi, mkono wa Zebiniso ulisimama juu ya donge la unga, ukangoja. Kisha Hosiyat angesema, "Amina," na mti wa kusukumia ungeanza tena.

*

Kuku waliacha kudonoana. Hilo Hosiyat alilazimika kulikubali. Katika wiki tatu majogoo walikuwa wanang'aa shingo, na mitetea wakamzoea Zebiniso kiasi kwamba akitoka tu na kibakuli walimkimbilia na kumpandia miguuni. Na mwanamke aliyelea viwavi maisha yake yote haachi mikono ikae bure. Kwanza Hosiyat alichungulia tu. Kisha akamkosoa mkwe wake jinsi ya kukata karoti. Kabla theluji haijaisha, yeye ndiye aliyekuwa bwana wa chumba.

Alichekecha pumba, akatenga wakubwa na wadogo. Wale waliojikunja wakawa weupe, wasiokula wala kutembea, aliwaokota kwa vidole, kwani wakiachwa na wenzao wataliwa. Hao hakuwapenda. Walilala kiganjani kama vimaiti vilivyokwisha kuvishwa sanda, na ghafla kimoja kilijitikisa, na kila mara moyo ulimruka. Siku chache baadaye walitoka mbawakawa weusi, nao walihamishiwa beseni ya juu kabisa, chini ya trei za mayai za karatasi, watage wapendavyo.

Alirudisha pia masharti ya zamani ya chumba. Usiingie na harufu ya kitunguu. Usiingie umekasirika. Mgeni asitie mguu, jicho lisije likawapata. Na lililo kubwa kuliko yote: ndani ya chumba cha wadudu, kifo hakitajwi.

"Hayo ni ya viwavi wa hariri, Mama," Zebiniso alisema. "Hawa ni funza. Hawajali."

"Wewe umewauliza?"

"Wana masikio?"

"Kuliko yako."

Zebiniso alicheka, akaingia kwa heshima, akanyamaza. Lakini lile sharti la mwisho alilielewa vizuri. Maana yake ilikuwa kwamba chini ya mkate ule hawezi kusema lolote.

*

Mwezi wa saba, joto lilipokuwa limeulaza mtaa mzima baada ya adhuhuri, Hosiyat aliingia chumbani kuweka vipande vya karoti. Beseni zilikuwa na sauti yao ya kawaida, mchakacho mdogo wa pumba, kama mvua ya mbali. Sauti hiyo aliipenda. Viwavi nao walikula hivyo, kwa sauti ya mvua. Aliinama, akainuka, akasikia nyingine.

Ilitoka ukutani, juu. Krr, krr, krr. Kimya. Krr, krr, krr. Kilikuwa kitu kikavu kikitafunwa, bila haraka, na mtu anayepumzika kila akitafuna mara tatu.

Kibakuli cha karoti kilimponyoka. Elmurod alitafuna hivyo. Tangu avunjike jino alitafunia upande mmoja, mara tatu akapumzika, na baba yake alimgombeza kila mlo, "Wewe ng'ombe au mtu?" Hosiyat alisimama katikati ya chumba, akautazama ule mfuko mweupe. Haukutikisika. Hapakuwa na upepo. Sauti ikaja tena, mara tatu, ikapumzika.

Alitoka bila kuupa mkate mgongo.

Hakumwambia mtu. Kesho yake, saa ileile, alirudi, akaketi sakafuni, mgongo kwenye chanja, akangoja. Ikaja. Keshokutwa ikaja. Furaha aliyoipata ilikuwa furaha ya wizi, na ndani ya furaha hiyo mlikuwa na baridi aliyoijua vizuri akaikataa. Mwanangu anakula mkate wake, alijiambia. Anaumalizia. Basi yuko njiani, roho yake imetangulia mbele ya miguu. Hivyo alijiambia mchana. Lakini alfajiri, akitawadha kwa maji baridi, lilimjia wazo jingine: aliye hai hapiti ukutani. Aliye hai hubisha hodi, huvua viatu, husema nina njaa. Wanaokuja bila miguu kula harufu na makombo ni wale wa Alhamisi.

Angeweza kupanda chanja akaufungua mfuko. Ni kazi ya dakika moja. Hakuthubutu. Akikuta hakuna kitu, Elmurod hayupo. Akikuta kuna kitu, hakujua atakuwa amekuta nini.

Chini ya mfuko, sakafuni, palianza kuonekana vumbi. Lilikuwa laini, la rangi ya unga uliochekechwa. Makombo ya mkate hayakanyagwi. Hosiyat aliyaokota kwa ncha ya kidole kilicholowa mate, akayagusisha midomoni, akayapeleka kwenye paji la uso kama alivyofundishwa na bibi yake. Kila siku palikuwa na mengine, na kila siku aliyabusu.

Zebiniso alianza kumwangalia.

"Mama, mbona humalizi chai? Unakonda."

"Joto."

"Unakaa mule chumbani muda mrefu. Jana nimekusikia unaongea."

"Nilikuwa nawasema funza wako. Wavivu kama mwenyewe."

"Ulikuwa unamwita mtu."

Hosiyat aliweka piali yake ya chai chini kwa kishindo. "Nina miaka sitini na tatu, binti, na bado nahitaji ruhusa yako kuongea?"

Zebiniso alikusanya vyombo vya chai. Alikuwa na jambo lake tumboni, na Hosiyat alilijua, maana Risolat alikuwa amempa dokezo juu ya ukuta wa uani asubuhi ile: fundi wa Kokand anataka jibu kabla ya mavuno ya zabibu. Baada ya hapo atatafuta kwingine. Na nani atamlaumu?

*

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Baada ya chakula cha mchana Hosiyat aliingia chumbani, akakuta sauti imekwisha kumtangulia. Safari hii haikuwa na mapumziko. Krr, krr, krr, krr, bila kukoma, kama mtu mwenye njaa aliyeona chakula kinakaribia kwisha. Na mfuko ulitikisika. Aliuona kwa macho yake. Kitambaa kilivimba kidogo chini, kikatulia, kikavimba tena upande wa pili, kama shavu la mtu anayetafuna.

"Elmurod," Hosiyat alisema.

Sauti haikukatika.

"Mwanangu. Ni wewe?"

Alisogea mpaka ukutani, akauegemeza uso wake kwenye chokaa, akainua mikono yote miwili chini ya mfuko, viganja wazi, kama anavyoinua mtu anapoomba dua. "Kama ni wewe, niambie. Sitapiga kelele. Unakula, baba? Kula. Wamekuweka wapi? Kula, halafu uniambie wamekuweka wapi."

Kitu kikamdondokea kiganjani.

Kilikuwa na uvuguvugu, chepesi, na kilikuwa kinatembea. Hosiyat alishusha mkono polepole mpaka mbele ya macho. Funza mnene wa rangi ya dhahabu alikuwa akijinyonganyonga katikati ya kiganja chake, akitafuta pa kujificha.

Zebiniso aliingia aliposikia kilio. Hakikuwa kilio cha kuomboleza, kilikuwa mlio mmoja mfupi, kama wa mtu aliyekanyaga msumari. Alimkuta mama mkwe wake amesimama amekikunja kiganja, akautazama ukuta, akaelewa nusu. Alipanda chanja ya pili, akautungua mfuko, akaufungua juu ya meza ndogo ya kuchekechea.

Kwa nje mkate ulikuwa mzima. Ganda lake la kahawia, ufuta wake, alama za muhuri katikati, na pembeni ile nusu duara yenye kijinundu. Zebiniso aliugusa kwa kidole kimoja na ganda likazama. Ndani hamkuwa na mkate. Mlikuwa na vumbi na funza, funza wengi, wanene kuliko wa kwenye beseni, wakipishana gizani kama watu wa nyumba iliyobomolewa paa ghafla.

Zebiniso alipiga magoti palepale.

"Mama, nisamehe. Mama, wadudu wangu. Mimi ndiye niliyewaleta. Wamepanda ukuta, sijui wamepandaje, nilidhani hawawezi kupanda, Mama, Wallahi nilidhani hawawezi." Alikuwa ameishika miguu ya Hosiyat. "Nimeula mkate wa Elmurod. Nitakaa. Sitakwenda popote, nitakaa hapa mpaka nife, usinilaani tu."

Hosiyat alimsikia. Na hapa yafaa isemwe kweli, kwa kuwa mwenyewe hakuificha baadaye: jambo la kwanza lililomjia halikuwa huruma. Lilikuwa hesabu. Mtoto huyu anaamini kwamba yeye ndiye mwenye kosa. Ukinyamaza tu, Hosiyat, usiseme neno, umtie mkono kichwani umsamehe kwa huzuni, atakaa. Atakuchemshia chai mpaka siku utakayozikwa, na hata siku moja hatainua macho kumtazama fundi wa Kokand. Huhitaji kusema uongo. Nyamaza tu.

Alinyamaza kiasi cha kupumua mara mbili au tatu. Katika muda huo aliiona siku nyingine.

Ilikuwa mwezi wa tatu, siku tatu kabla ya Navruzi, sikukuu ya mwaka mpya. Zebiniso alikwenda kwao kuwasaidia usafi, na Hosiyat peke yake alipaka chumba chokaa. Aliutungua mfuko ili aufue. Mkate akabaki nao mikononi, mtupu. Auweke wapi? Sakafuni haiwezekani, ni mkate. Kwenye kiti, mtu hukaa. Juu ya sanduku pana viatu vya baridi. Mkate haukai chini ya kitu chochote; mkate hukaa juu. Na kilichokuwa juu kabisa ndani ya chumba kilikuwa beseni ya mwisho, ile ya karibu na dari, yenye trei za mayai, na chini ya trei, mbawakawa. Aliwaona. Akawatazama vizuri, akawaza kama alivyojua tangu utoto: mdudu akishaota mabawa hali tena. Kipepeo wa hariri hana hata mdomo. Anatoka, anajamiiana, anataga juu ya karatasi mayai unayoyaona kwa macho, anakufa. Basi hawa nao, wakubwa, hawana neno. Akaulaza mkate wa mwanawe juu ya trei, kwa mikono miwili, akasema Bismillahi. Ulikaa pale siku mbili, mpaka chokaa ikakauka.

Mbawakawa wa unga wana midomo. Na mayai yao hayaonekani.

"Simama," Hosiyat alisema.

"Mama…"

"Simama, nimekwambia. Funza wako hawakupanda ukuta wowote. Mimi ndiye niliyewapelekea." Akamweleza: mfuko, chokaa, beseni ya juu, siku mbili. Alisema yote kwa sauti kavu, bila kupamba, hata ile Bismillahi. "Niliona pale ndipo pa heshima. Miaka saba nimeulinda na panya, na unyevu, na jicho la Risolat. Nikaulisha funza kwa mikono yangu miwili."

Zebiniso aliinuka. Uso wake ulikuwa umejaa machozi na vumbi. "Basi hukukusudia, Mama. Tutasema hivyo. Si mkate uliooza wenyewe. Wameingizwa, si dalili ya…" Akakumbuka wako wapi, akaliziba neno kwa mkono.

Hapo ndipo Hosiyat aliposhindwa kabisa. Mtoto ambaye angetoka leo kwa neno la Hosiyat mwenyewe, lile la mkate kuingia mdudu, ndiye aliyekuwa anamtafutia njia ya kuendelea kungoja.

"Limalizie neno lako," alisema.

"Humu hatulitaji, Mama."

"Litaje."

"Siwezi."

"Basi nitalitaja mimi." Hosiyat alimtazama yule funza kiganjani, akamrudisha taratibu ndani ya ganda pamoja na wenzake. "Nimemsikia akila, wiki tatu. Nikafurahi. Na kila siku nilijua, binti. Mama wa mtu aliye hai akisikia meno ukutani hukimbia kuita watu. Mimi nilikaa chini nikasikiliza, kwa sababu nilijua ni wa namna gani wanaokuja hivyo. Elmurod amekufa. Sijui lini, sijui wapi. Amekufa."

Beseni ziliendelea na mvua yao. Hakuna kilichobadilika chumbani.

"Hawa wasipewe kuku," alisema baadaye, akifunika ganda kwa kile kitambaa. "Waachwe humo wamalize. Ulitundikwa ili umaliziwe."

Lakini kabla ya kufunika, alivunja ukingo mmoja, kipande cha ukubwa wa vidole viwili, pale penye alama ya meno. Ukingo ndio mgumu kuliko kwingine, na funza hawakuuweza. Akakitia mfukoni mwa gauni lake.

Jua liliposhuka walikaanga. Zebiniso alisukuma, Hosiyat akashika mwiko. Mtaa mzima ulikuwa unanuka mafuta, na juu ya ukuta wa udongo kichwa cha Risolat kilitokeza, kikaona nyuso zao, kikashuka bila neno, jambo ambalo halijapata kutokea. Mafuta yakachemka. Hosiyat akamtaja baba yake. Akamtaja mama yake, na kaka yake aliyekufa mtoto. Akamtaja Yokub.

Mti wa kusukumia ukasimama.

"Na Elmurod," Hosiyat alisema. "Elmurod mwana wa Yokub, mwanangu. Huko aliko, harufu hii imfikie."

Zebiniso alianza kulia kwa sauti, kama mjane anavyotakiwa kulia, kama alivyokuwa hakuruhusiwa miaka minne. Chapati iliyokuwa kwenye mafuta iliungua upande mmoja na Hosiyat akaigeuza.

"Kesho nitamwambia Risolat," alisema. "Amlete huyo fundi. Pilau niliahidi."

"Na wewe, Mama? Utabaki na nani?"

"Nina kuku. Nina wale wadudu wako wenye masikio. Lia kwanza, usinijibie maswali."

Walipomaliza, aliketi juu ya kitanda cha uani na piali ya chai. Alikitoa kile kipande mfukoni, akakikata katikati, palepale penye kijinundu, akampa Zebiniso nusu. Alikichovya chake kwenye chai, lakini mkate wa miaka saba hauloweki kwa chai ya piali moja, na alipokitia mdomoni kilikuwa kigumu bado. Meno ya Hosiyat hayakuwa mengi. Alikisukuma upande wa kushoto, ndio wenye magego.

Krr, krr, krr. Akapumzika. Krr, krr, krr.

Aliisikia ndani ya kichwa chake mwenyewe, sauti ileile ya ukutani, akaendelea kutafuna polepole mpaka ikaisha.